Wimbo wa Wote Una Mwenyewe

Nimeisikia kauli hii harusini, matangani, redioni na hata vyuoni Bukavu: wimbo wa asili hauna mwenyewe. Ni wa jamii, ni wa mababu. Anayeisema huisema kwa sauti ya heshima, na waliokaa huitikia kwa vichwa. Mimi naikataa, kwa sababu nimeona inavyofanya kazi hapa Kavumu na Bushi nzima, nchi yetu sisi Bashi huku Kivu. Inapofika saa ya kutoa shukrani, zawadi au jina la kuandikwa, "jamii" haina mkono wa kupokea, basi anapokea mwingine. Anapokea mwenye kinasa sauti. Anapokea mwanamuziki wa mjini aliyeupeleka wimbo studioni. Anapokea mkubwa aliyelipia viti na hema. Yule aliyetoa wimbo, ambaye bila yeye watu wangekaa kimya wakitazamana, anarudi nyumbani kwa miguu na chupa ya soda mkononi.

Nianze na wasichana ambao wasomi wa dunia nzima wanawataja bila kuwajua.

Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alipita katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi akirekodi muziki. Wakati huo milima yetu ilikuwa imejaa mashamba ya wazungu, ya kahawa, chai na kwinini. Merriam aliandika juu ya ala za Bashi, juu ya maneno ya nyimbo zao, na mwaka 1957 akatoa makala nzima juu ya mulizi, filimbi yetu inayopulizwa kwenye ncha. Kisha mwaka 1964 akatoa kitabu chake kikubwa, The Anthropology of Music, ambacho wanafunzi wa muziki wanakisoma hadi leo. Ndani ya kitabu hicho kuna kisa cha wasichana wa Kishi waliokuwa wakifanya kazi shambani kwa mzungu. Walikuwa wamezoea kupewa mafuta, na mafuta yakakatwa. Hawakupeleka malalamiko kwa mtu, nani angewasikiliza? Waliimba mbele ya mwenye shamba mwenyewe. Walieleza kwamba kazi wamemaliza, kwamba zamani mafuta yalikuwepo na sasa hayapo, wakauliza kwa nini, wakaonya kwamba watahamia kwa mapadri, ambako kazi ni chache na mafuta ni tele. Mwenye shamba akajua kwa njia ya wimbo jambo ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia usoni.

Merriam alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba wimbo humpa mtu ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Hoja hiyo ni ya kweli, na imemjengea jina. Kanda zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Indiana, Bloomington. Alikufa mwaka 1980 katika ajali ya ndege huko Warsaw, na hadi leo kila anayesoma fani yake analijua jina lake. Wasichana wale kitabuni ni "wasichana".

Sasa tuutazame wimbo wao kama kazi ya mtu. Unaanza na wajibu uliotimizwa, unakumbusha desturi, unauliza, unatishia, na mwisho unaacha mlango wazi kwa mwenye shamba kujirekebisha. Hiyo ni hoja iliyopangwa, na wakili wa Bukavu angelipwa kuipanga hivyo. Jamii haipangi hoja. Kuna msichana mmoja aliyetoa mstari wa kwanza, wenzake wakaitikia. Kuna mmoja aliyeliweka neno la mapadri mahali pake, akijua fika kwamba siku ya kufukuzwa watu, atakayenyooshewa kidole ni yeye. Hatari ilikuwa yake peke yake. Kwa nini sifa iwe ya kabila zima?

Watetezi wa kauli ile wana ushahidi wao, nami nauheshimu. Wanasema: waulizeni wazee wenyewe, watawaambia wimbo ni wa wote. Ni kweli watasema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye matanga, kando ya njia ya kwenda Katana. Mama mmoja mzee alikuwa ametoa wimbo mmoja wa maombolezo ambao ulimfanya kila mtu ainamishe kichwa. Nikamsogelea: "Mama, wimbo huu ni wa nani?" Akajibu papo hapo: "Ni wetu sote, mwanangu." Nikatosheka, kama watafiti wengi wanavyotosheka. Karibu na alfajiri, tukiota moto, nikamuuliza kwa njia nyingine: "Na wewe, mama, uliupata kwa nani?" Akanyamaza kidogo. Kisha akanitajia mtu, pamoja na jina la baba yake, kilima alichoolewa, na msiba uliomfanya autoe wimbo ule kwa mara ya kwanza. Akaongeza kwamba mstari wa mwisho si wa yule mwanamke. Ule aliutia yeye mwenyewe, mwaka aliofiwa na mume.

Tangu usiku ule sijaiamini tena kauli ya "hauna mwenyewe". Mama yule hakunidanganya mara ya kwanza. Nilimuuliza swali la haki ya kuimba, akanijibu kuhusu haki ya kuimba: kila mtu ana ruhusa. Nilipomuuliza asili, alinipa asili. Maji ya kisima ni ya kijiji kizima, hakuna anayezuiwa kuteka, lakini kijiji kizima kinamjua aliyechimba. Sisi tumechukua jibu la swali moja tukalibandika kwenye swali jingine, na juu ya kosa hilo tumejenga sherehe, vitabu na makumbusho.

Wengine huniambia kwamba kumtaja mtu mmoja mmoja ni tabia ya Ulaya, kwamba Mwafrika hajui mtunzi, anajua jamii tu. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu linatuvika ujinga ambao hatukuwa nao. Kwa Wasukuma wa Tanzania kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vilianzia kwa watu wawili walioshindana, Ngika na Gumha, na majina yao yanatajwa mpaka leo. Kila kundi lina manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Katika mashindano ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na watu huamua kwa miguu yao: kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Hakuna kamati wala mgeni rasmi anayehitajika ili mtu ajue nani ni nani. Waswahili wa pwani nao wana methali inayosema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo haizungumzii ukoo wake wala mababu zake. Inamzungumzia mchezaji, aliye hai, jasho likimtoka, na tuzo inaingia mkononi mwake mbele ya watu.

Tumtazame pia Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, Unguja, aliyefika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Kwa nini tunajua alitoka wapi, aliishi vipi, aliheshimiwa na nani? Kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake, kitabu kizima, juu ya mwanamke mwimbaji. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili hakuona aibu kumwinamia mwimbaji wa taarab na kumuuliza habari zake. Bushi haijakosa watu wa kiwango hicho. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi nao.

Na tusijidanganye kwamba kunyima majina ni heshima kwa jamii. Mara nyingi ni dharau iliyovaa kanzu. Merriam huyohuyo, alipokaa kwa Wasongye katika kijiji cha Lupupa Ngye mwaka 1959 na 1960, aliona jambo ambalo kila mtu wa Kivu atalitambua. Wanamuziki walidharauliwa, waliitwa wavivu, walevi, watu wa madeni. Lakini alipouliza kama kijiji kingeweza kuishi bila wao, watu walishtuka: nani angefanya msiba uwe msiba? Nimewaona wapiga lulanga wetu wakitendewa vivyo hivyo. Lulanga ni ubao mmoja uliochongwa bonde katikati, na uzi umepitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi kadhaa; kuuchonga ni kazi ya subira na kuupiga ni kazi ya miaka. Mzee anayeujua huitwa usiku wa sherehe, hupewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mpaka alewe, asubuhi watoto humcheka akipita. Halafu mtu mwenye tai husimama jukwaani na kusema lulanga ni "urithi wa Bashi wote". Urithi wa wote, na kicheko cha mmoja!

Wapo wanaoona kwamba haya ni maneno tu, kwamba wimbo hauliwi kama ugali. Basi wasikilize kisa cha Solomon Linda. Mwaka 1939, Johannesburg, alirekodi wimbo Mbube na kundi lake. Sahani ilifika Marekani, Pete Seeger na wenzake wa The Weavers wakauimba kama Wimoweh, wakidhani ni wimbo wa jadi. Mwandishi aliyeandikwa alikuwa "Paul Campbell", jina la kubuni ambalo kundi hilo lilikuwa likiliweka kwenye nyimbo walizoziona za jadi. Mwaka 1961 ukageuzwa tena, ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukazunguka dunia. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walifikia mapatano na wenye haki za wimbo mwaka 2006 tu. Chanzo cha yote ni neno moja dogo: jadi. Linda alikuwa hai, na sauti yake ilikuwa kwenye sahani ileile. Lakini wimbo ulipoitwa wa jadi, mwenyewe alifutika akiwa bado anapumua.

Linganisha na Malaika. Fadhili William aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha Miriam Makeba akaipeleka duniani. Kwa miongo mingi watu wa Kenya na Tanzania wamegombana: ni wa Fadhili, ni wa Adam Salim, ni wa Grant Charo? Wengi huuona ugomvi huo kama aibu. Mimi nauona kama dalili ya afya. Watu wanaogombania nani aliutunga wimbo wanakiri kwamba kuna aliyeutunga. Kila harusi ya pwani inauimba na hakuna anayezuiwa, lakini jina linatafutwa. Ndiyo hali ninayoitaka Kivu. Ni heri tugombane juu ya majina matatu kuliko kukubaliana juu ya jina la hakuna.

Jambo hili liko hata ndani ya Kongo yetu. Mwaka 1952, wakati Merriam anapita Kivu, Hugh Tracey alikuwa Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco. Masanga yake, iliyoimbwa kwa Kiswahili cha Katanga, ikamfikisha mbali. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Anastahili kila sifa, na simpunguzii hata moja. Lakini uliza Bukavu, uliza Kabare, uliza Walungu: nani anaweza kumtaja mpiga mulizi mmoja wa miaka ile? Mwenye gitaa alihesabiwa kuwa msanii, mwenye mulizi akahesabiwa kuwa mfano wa kabila lake. Gitaa lilitoka dukani na lina bwana. Filimbi iliyotengenezwa na mpigaji mwenyewe ndiyo isiyo na bwana. Nani ameupanga mzani huu?

Na ajabu ni kwamba Kongo si nchi inayodharau majina nyimboni. Kila anayesikiliza muziki wa Kinshasa anajua libanga: mfanyabiashara analipa, mwimbaji anatupa jina la mlipaji katikati ya wimbo, na jina hilo linachezwa kwenye nganda, yaani baa, zote kutoka Matadi hadi Uvira. Kwa hiyo tunajua vizuri sana kwamba jina likiingia wimboni linadumu. Tunaliuza kwa mwenye fedha na kumnyima aliyetutungia. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tukashangilia kote nchini. Rumba ina Wendo, ina Kabasele, ina Franco. Hakuna aliyesema rumba haina mwenyewe kwa kuwa ni ya Wakongo wote. Mbona lugha inabadilika tukifika kwenye nyimbo za kupalilia maharage?

Najua hoja nzito kuliko zote: bila waliorekodi, tungekuwa hatuna kitu. Sitaki kuipita kwa haraka, kwa kuwa imenigusa nyumbani. Kaseti za marehemu baba, ambazo zilikuwa na sauti za harusi za miaka ya themanini, zilipotea mwaka 1996 tulipovikimbia vita. Mtu aliyenasa sauti za Bushi na kuzihifadhi nje ya moto wetu amefanya jambo kubwa, na ashukuriwe. Lakini kuhifadhi na kuzaa ni kazi mbili. Ghala halilimi. Kanda ya Bloomington haijamfundisha mtoto hata mmoja wa Miti kupiga lulanga. Aliyemfundisha ni mzee aliyekaa naye chini ya mgomba, akamshika vidole, akamkemea, akarudia. Siku mzee huyo atakapokufa bila mwanafunzi, kanda itabaki na sauti na sisi tutabaki bila lulanga. Kwa hiyo tukigawa heshima ya kudumu, aliyetunga akae mbele, na pembeni yake akae aliyefundisha wengine, hata kama hakuwahi kupanda ndege wala kusikika redioni. Aliyerekodi ana kiti chake cha heshima nyuma yao. Aliyeupamba wimbo kwa ngoma za mashine na kuuza amekwisha kulipwa sokoni.

Wengine wanaogopa kwamba majina yataleta fitina za fedha kati ya familia. Fitina zipo tayari, ila zinapiganwa na watu wa mjini huku familia zikiwa hazijui kwamba kuna kitu. Wengine husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema gani? Huyu wetu hajawahi kusifiwa hata mara moja, na tembo lake bado ni kali.

Muda uliobaki ni mfupi. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1952 leo, kama yu hai, anakaribia 90. Februari 2025 vita vilifika kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu, na watu wakatawanyika tena. Wazee waliohamishwa wakiwa na nyimbo vichwani hawahesabiwi na shirika lolote. Hata hivyo kazi inawezekana. Mwaka 2021 majirani zetu wa Rwanda walipewa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nakala za rekodi za muziki wao wa asili zaidi ya 4,000. Kwa nini Bushi isidai zake, kutoka Tervuren na kutoka Bloomington? Lakini zikija, zisifungiwe kwenye kabati la ofisi. Zipelekwe Bugorhe, Irhambi, Mudaka na Walungu, zichezwe uani mbele ya akina mama, na kalamu iwe tayari. Sauti ya dada haisahauliki hata baada ya miaka 70. Kuna mtu atasema: huyo ni fulani, alikuwa akifanya kazi kwa mzungu, tulikuwa tukitembea naye asubuhi.

Nanyi watangazaji wa Bukavu, mnapocheza wimbo wa asili, acheni kusema "wimbo wa Bashi" na kupita. Mtajeni anayetoa wimbo na aliyemfundisha. Haichukui hata nusu dakika. Waandaaji wa sherehe, mwiteni mtoa wimbo jukwaani kabla ya mgeni rasmi. Walimu, kazi ya likizo iwe hiyo.

Na wewe msomaji, kama bibi yako bado yuko, usimuulize wimbo ni wa nani. Muulize aliupata kwa nani, na uandike jina atakalokutajia leo hii, kabla giza halijaingia.